Chumba Kimoja cha Ghala la Mbwilo

Sogeeni, na mwenye roho nyepesi aondoke sasa, asije akanikatiza katikati kwa kuguna. Hadithi hii ina damu. Sikuitia mimi, nimeikuta nayo.

Katika mji wa Isalilo, ule ulio juu kabisa ambako mwezi wa Julai maji ya ndoo yanavunjwa kwa jiwe, waliishi watu watatu wasio na pa kulala. Hawakuwa ndugu. Hawakupendana hata kidogo, msije mkaanza kunitilia mapenzi humu.

Wa kwanza ni Gaspari, mpakia viazi. Kipaji chake kilikuwa kupigwa. Nimesema kupigwa, sikusema kupiga. Kupiga kila mlevi anajua. Gaspari ungempiga na ubao, na mnyororo, akabaki amesimama anakutazama. Gunia la lumbesa lilimwangukia mgongoni kutoka juu ya lori, akainuka, akamtukana dereva, akalibeba.

Wa pili ni Yusta, mchoma matofali. Kipaji chake kilikuwa moto. Alikuwa akiweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri anakwambia tofali la katikati limeiva au bado. Nyusi hakuwa nazo, zilishaungua zamani. Miaka yote alilala kando ya tanuri lenye joto, lakini mwaka huo mwenye kazi alikimbia na tanuri halikuwashwa.

Wa tatu ni Bibi Odilia. Kipaji chake kilikuwa kulia. Akiangua kilio, anayekula anaacha tonge, anayegombana anasahau alikuwa anagombania nini. Alikuwa akiitwa misibani, analia, analishwa, anaondoka. Mtoto hakuzaa hata mmoja, na mumewe alipokufa shemeji zake walimtolea sufuria nje na yeye akafuata sufuria.

Hawa watatu walilala sokoni chini ya meza, ndani ya magunia, pamoja na wenzao. Wote kwa jumla walikuwa ishirini na sita. Kisha sakitu ya kwanza, ile baridi inayogandisha umande ukawa mweupe, ikaanguka, na asubuhi wakawa ishirini na watano.

Aliyekufa aliitwa Lameki, msukuma mkokoteni. Walimkuta mbele ya mlango wa ghala la Mzee Mbwilo, amejikunja, kiganja kimeganda kwenye bati la mlango. Walipomvuta, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye bati. Watu wa serikali ya mtaa walikuja, wakamfunika turubai, wakasema watamchukua kesho wakipata gari. Wakaenda kunywa chai.

Ghala lile lilikuwa tupu. Halikuwa na kiazi hata kimoja. Mbwilo alikuwa ameliacha lingoje mbegu ya Septemba. Mlinzi wake aliitwa Zakayo, na alikaa kwenye chumba kidogo cha matofali kilichojengwa ubavuni mwa ghala. Chumba kilikuwa na mlango unaofunga, kitanda kimoja cha mbao na jiko la bati.

Ikafika saa nane mchana. Mawingu yakaondoka, upepo ukanyamaza, mbingu ikawa bluu kama sahani mpya. Wenyeji wa kule wanajua maana yake. Mbingu ikiwa hivyo mchana, usiku sakitu inaanguka mara mbili ya jana.

Gaspari akaenda kwa Zakayo.

"Kaka Zakayo, fungua ghala."

"Ghala si langu."

"Limejaa?"

"Limejaa amri. Nikifungua, kesho nalala sokoni na ninyi."

"Usiku Lameki aligonga?"

Zakayo akatazama pembeni. "Nilidhani upepo."

"Upepo unagonga kwa kiganja?"

Zakayo akapiga mluzi na mbwa akaja.

Mbwa yule alimkamata Gaspari paja akaning'inia. Gaspari hakumtikisa. Alimwacha ale, akanyoosha mkono taratibu, akachukua mtarimbo ulioegemezwa ukutani, akampasua kichwa kwa pigo moja. Zakayo akaja na rungu. Pigo la kwanza bega, la pili mbavu, la tatu mdomo. Gaspari akatema jino, akaushika ule mkono wenye rungu, akauvunja kwenye goti lake. Mmeshasikia kijiti kikavu kikivunjwa? Hivyo hivyo.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Rungu lilikuwa chini, funguo zilikuwa kiunoni mwa Zakayo, na Zakayo alikuwa amepiga magoti analia. Lakini Gaspari aliulaza ule mkono uliovunjika kwenye kizingiti, mbele ya miguu ya Lameki, akaukanyaga ukavunjika tena mahali pengine.

"Huo ni wa upepo," akasema.

Kisha akafungua kufuli, akambeba Zakayo begani, akamwingiza ndani kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. "Lala hapo. Nje utaganda."

Huyo ndiye Gaspari. Bila yeye, mlango usingefunguliwa.

Sasa sikieni ya Yusta.

Watu waliingia wakifurahi kama wamefika kwao. Lakini ghala lile lilikuwa sakafu ya saruji na paa la bati, yaani baridi ya ndani ilikuwa imepanga na kodi imelipa. Wakakusanya mkaa wa Zakayo, wakaukoleza kwenye karai, wakafunga mlango, wakaziba kila ufa kwa magunia. Wakajibana. Mtu mmoja akaanza kusema kichwa kinamgonga. Mwingine akasinzia katikati ya neno.

Yusta alikuwa nje anakusanya matofali. Alipoingia akapiga karai teke, mkaa ukatawanyika miguuni mwa watu.

"Mwendawazimu wewe!" wakapiga kelele.

"Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa unaua watu wamelala. Mnataka kesho turubai liwe moja la wote?"

Akachukua sururu, akapanda juu ya makreti matupu yaliyokuwamo, akabomoa ukuta chini ya paa mpaka tundu likatosha kichwa cha ng'ombe. Akashuka, akabomoa jingine chini karibu na mlango. Akavunja makreti ya mbegu ya Mbwilo, akawasha moto wa kuni katikati ya sakafu, na moshi ukapanda ukatoka. Lakini na baridi ikaingia.

"Tumeikimbia nje, wewe unaifungulia mlango!" Aliyesema hivyo ni mzee mmoja aitwaye Sirili. Akapanda makreti na gunia mkononi ili azibe tundu la juu. Yusta akamvuta mguu. Sirili akaangukia uso, meno mawili yakamtoka.

"Baba, nimekuomba," Yusta akamwambia.

"Hukuniomba, umenivuta!"

"Basi sasa nakuomba."

Sirili akapanda tena. Mzee mkaidi, na alikuwa anatetemeka, tusimcheke sana. Safari hii Yusta alilitoa koleo motoni likiwa jekundu, akamwekea kiganjani. Harufu mnaijua, sina haja ya kuieleza. Hakuna aliyepanda tena.

Kisha akafanya aliyoyajua yeye peke yake. Alipanga matofali kuzunguka moto, akayageuza kama mtu anayegeuza mahindi, akangoja mpaka yashike joto la ndani. Akayafunga kwenye magunia, akampa kila mtu tofali lake alale nalo tumboni. Likipoa analirudisha, anapewa jingine. Siku zote zilizofuata hakulala zaidi ya kupepesa macho. Kila aliyesogelea tundu alimpiga na mpini wa koleo, awe mwanamume, awe mama mwenye mtoto. Alipiga watu saba. Wote saba wako hai.

Huyo ndiye Yusta. Bila yeye, mlango uliofunguliwa ungekuwa mlango wa kaburi.

Na sasa Bibi Odilia. Hapa lazima niwaambie kwanza desturi ya Isalilo, maana bila hiyo hamtaelewa kitu, mtabaki kunitolea macho.

Kule, ukisikia kilio, unakwenda na kuni mkononi. Hata gogo moja, hata kijiti. Ukiingia unakiweka kwenye moto ulio mbele ya maiti kabla hujamsalimu mtu. Ukishaweka kuni, msiba ni wako kama ulivyo wa wenyewe. Moto ule hauzimwi mpaka mazishi, na aliyeuzunguka haguswi wala hafukuzwi. Aliyeweka kuni halafu akauvunja msiba, siku yake ikifika atazikwa na mbwa. Ndivyo wanavyoamini, na Mbwilo aliamini kuliko wengi. Alikuwa mzee wa kanisa.

Siku ile ile ya kwanza, jua halijazama, Mbwilo akafika na gari na vijana watano wenye marungu. Gaspari akasimama mlangoni. Walimpiga kwa zamu, kama watu wanaotwanga. Walimpiga miguu, hakuanguka. Walimpiga shingo, hakuanguka. Mmoja akamchoma jichoni na ncha ya rungu, jicho likamwagika shavuni kama yai bichi, na bado mikono yake ilikuwa imeshika miimo ya mlango. Lakini kupigwa nako kuna mwisho wake.

Ndipo Bibi Odilia akapita chini ya kwapa lake, akatoka nje, akaliondoa lile turubai. Akamshika Lameki makwapani, akamburuta ndani akiwa amekakamaa vile vile alivyojikunja, akamlaza mbele ya moto, akaweka kichwa chake mapajani. Akafungua kinywa.

"Mwanangu! Lameki mwanangu niliyekuzaa! Umeniacha na nani!"

Hakumzaa. Alikuwa hajawahi hata kumsalimia vizuri. Wiki iliyopita walitukanana kwa ajili ya gunia. Lakini kilio kile kilipita mabati, kikapita soko, kikaingia majikoni. Wanawake wa Isalilo wakaacha vyungu. Wanaume wakaacha pombe. Haikupita muda, watu walikuwa wanakuja kutoka kila upande, kila mmoja na gogo lake, wakawapita wale vijana wa marungu kama wanapita miti, wakaweka kuni, wakakaa.

"Tokeni! Huu si msiba, hawa ni wavamizi!" Mbwilo alikuwa anapiga kelele. "Huyu bibi hana mtoto, kila mtu anajua!"

"Mzee, maiti huyo hapo," mwanamke mmoja akamjibu. "Hata kama hana mama, amekufa."

Mbwilo akaingia mwenyewe, rungu mkononi. Akamkamata Odilia kilemba pamoja na nywele, akampiga teke la mbavu. Odilia hakukiachia kichwa cha Lameki wala hakukata kilio. Akampiga la pili. Damu ikamtoka bibi puani ikadondokea uso wa maiti, naye akaendelea kulia kwa sauti ile ile, kama anayelia na anayepigwa ni watu wawili tofauti.

Mbwilo akainuka ili apumue. Na hapo, sikilizeni, hapo ndipo mkono ulipomponza. Mtu wa miaka sitini na mitano, amekwenda misibani tangu abebwe mgongoni. Mbele yake kuna maiti. Mbele ya maiti kuna moto. Mkononi ana mti. Mkono haukungoja kichwa: akalitupa rungu lake motoni.

Hata Odilia akakata kilio.

"Mzee Mbwilo ameweka kuni," mtu akasema.

Mbwilo akainama ili alitoe. Watu mia wakamtazama. Akanyooka, akavua kofia, akakaa chini. Wale vijana wake watano wakatazamana, mmoja akatia rungu lake motoni, wenzake wakafuata. Jioni ile moto uliwaka vizuri.

Siku nne Odilia alikataa mazishi. "Wajomba zake hawajafika," alikuwa akisema, akiwa na mbavu mbili zilizovunjika. Wajomba gani? Hawakuwapo. Lameki aliwekwa kwenye ukuta wa mbali, ule wa baridi kuliko yote, na baridi iliyomuua ikamtunza. Siku ya tano mawingu yakarudi, sakitu ikaacha, wakamzika. Wale ishirini na watano wa sokoni wote walitoka ghalani wakiwa hai, na Zakayo pia.

Huyo ndiye Odilia. Bila yeye, wote wangetupwa nje jioni ya kwanza, tofali na mtu wake.

Msishangilie. Kesho yake akafika mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini, ametembea siku mbili kutoka bondeni. Alikuwa mama yake Lameki. Habari ya kifo ilimfikia, habari ya mazishi ikamkosa. Akakuta kaburi limefungwa na msalaba umeandikwa kwa rangi: Lameki, mtoto wa Odilia.

Alimpiga Odilia makofi mpaka mikono yake mwenyewe ikavimba. Akamsukumia uso kwenye udongo wa kaburi.

"Siku nne! Siku nne mmemlaza ukutani kama jembe, na mimi nipo njiani! Umenilia kilio changu chote, mimi nimebakishiwa nini?"

Odilia hakujikinga. "Nilimwazima tu, mama," akasema.

"Mtoto anaazimwa?"

Kama ninyi mna jibu, litunzeni kwanza.

Sasa Mbwilo. Mji mzima ulikuwa unamwita mwenye msiba, na mwenye msiba kule hawaachi waliokesha kwenye moto wake waende mikono mitupu. Akawaita wote mbele ya ghala.

"Nataka mlinzi," akasema. "Zakayo mkono wake hautashika tena hata kijiko. Nitatoa chumba chake, kitanda na jiko, kwa mmoja wenu, mpaka atakapokufa. Mmoja tu. Nikikuta wawili ndani, nawatoa wote wawili. Ninyi ishirini na wawili mliookolewa ndio mtaje jina kabla jua halijazama. Msipotaja, natia viazi humo chumbani."

Wale watatu wakatazamana.

Gaspari akasema, "Mimi nimeacha jicho langu mlangoni pale. Anayetaka chumba na aniletee kwanza jicho lake."

"Jicho ulitolewa umesimama," Yusta akamjibu. "Kusimama hata nguzo inasimama. Wangekufa wote kwa mkaa, wewe umesimama mlangoni unalinda maiti."

"Na wewe uliyewachoma wazee?"

"Nimechoma mmoja. Mwulize kama yuko hai."

"Niko hai," Sirili akasema kwa mdomo wenye mapengo, "lakini kura yangu haipati huyu shetani hata akinipa ng'ombe!"

Watu wakacheka. Odilia hakucheka, mbavu zilikuwa zinamuuma. "Ninyi wawili bado mna miili," akasema. "Gaspari atapakia viazi na jicho moja. Yusta atapata tanuri jingine. Mimi sasa nani ataniita msibani? Wameshaniona naweza kumlilia mtu nisiyemzaa nikamwita wangu. Kazi yangu nimeitia kwenye moto ule pamoja na rungu la mzee."

Wakawa bado wanabishana, Zakayo akasogea. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwenye khanga, umevimba, vidole vyeusi.

"Na mimi?"

"Wewe!" watu wakapiga kelele. "Lameki alikugongea!"

"Alinigongea. Nilimsikia. Sikudhani upepo, nilisema uongo. Ningemfungulia, asubuhi ningefukuzwa, na usiku wa pili ningekuwa chini ya meza na ninyi. Nani kati yenu angenifungulia mimi? Nimevunjwa mkono nikifanya kazi niliyoajiriwa. Nimevunjwa mara ya pili nikiwa nimeshashindwa. Chumba kilikuwa changu. Sasa sina chumba wala mkono. Hesabuni vizuri, tuko wanne."

Mama yake Lameki alikuwa ameketi pembeni, hajaondoka. Walipomtazama aseme neno, alitema mate chini akageuza uso.

Haya. Nawajua ninyi. Yule wa nyuma tayari anataka kusema wapeane zamu. Mbwilo amesema mmoja. Huyu mwenye kofia anataka kusema wampige Mbwilo, wachukue ghala. Gaspari hawezi tena kusimama mlangoni, na rungu la pili mzee hatalitupa motoni. Na wewe mama unayefuta macho, unataka apewe anayehurumiwa zaidi. Wa kuhurumiwa ni nani hapo? Nionyeshe kwa kidole.

Mbingu imekuwa bluu. Upepo umenyamaza tangu saa nane. Meza za sokoni ziko pale pale, na ni mmoja tu atakayefunga mlango nyuma yake, wengine watatu waingie kwenye magunia. Jua limeshika ukingo wa mlima na Mbwilo amesimama, ufunguo mkononi, anawatazama wale ishirini na wawili.

Basi ninyi ndio hao ishirini na wawili. Mtamtaja nani?